Kijitabu Chekundu: Siku Saba Kuelekea Kura Yangu ya Kwanza Massachusetts

Jumatano, 30 Oktoba 2024. Springfield

Kijitabu kililetwa na posta zamani. Jalada jekundu, karatasi nyepesi kama za gazeti, nikakitupa juu ya friji pamoja na matangazo ya pizza. Leo jioni, baada ya kutoka zamu, ndiyo nimekishusha na kukipangusa vumbi.

Mimi ni raia wa Marekani wa miezi saba. Nilidhani Jumanne ijayo ni Harris na Trump, basi. Kumbe jimbo hili lina maswali matano ya kura ya maoni, na kijitabu hiki, kinachotolewa na ofisi ya Katibu wa jimbo, kinaeleza kila swali: ukisema Ndiyo nini kitabadilika, ukisema La nini kitabaki, na kila upande umeandika hoja zake. Swali la 1 lilinikalisha kitako. Je, Mkaguzi wa jimbo apewe mamlaka ya kulikagua Bunge la jimbo?

Nikacheka peke yangu jikoni. Kabla sijaja huku nilikuwa karani wa hesabu kwenye halmashauri moja mkoani Tanga, ambayo sitaitaja. Wakaguzi wakifika, kazi yangu ilikuwa kutafuta vocha. Nimewahi kulala ofisini siku mbili tukijibu hoja, na nimewahi kushika mkononi vocha ya mafuta ya gari ambalo wote tulijua liko juu ya mawe tangu mwaka uliopita. Mtu akiniambia "ukaguzi" nasikia harufu ya mafaili yenye vumbi na jasho la mweka hazina. Na hapa naambiwa eti Bunge la Massachusetts, jimbo la Harvard na akina John Adams, linasema halikaguliki.

Nina siku za likizo ambazo zitapotea nisipozichukua. Nimeamua kukizungusha kijitabu: Worcester kwa shemeji, Boston nikalione hilo Bunge, Lowell kwa dada mmoja Mkenya niliyesoma naye kozi ya kuhudumia wazee. Kisha nirudi kupiga kura kituoni kwangu.

Alhamisi, 31 Oktoba. Quabbin hadi Worcester

Sikupita barabara ya kulipia. Nilifuata ile ya zamani kupitia Belchertown na Ware, kwa sababu mzee mmoja ninayemhudumia kazini alinisihi: "Ukitaka kuijua serikali ya jimbo hili, kasimame kwanza Quabbin."

Quabbin ni bwawa. Ukisimama juu ya ukingo wa Winsor Dam unaona maji ya buluu yanaingia kati ya vilima mpaka macho yanachoka, na siku ya leo, yenye joto la ajabu kwa mwisho wa Oktoba na mvua iliyogoma wiki nyingi, majani makavu yalikuwa yakipeperuka juu ya lami kama makaratasi. Chini ya maji hayo kulikuwa na miji minne: Dana, Enfield, Greenwich na Prescott. Boston ilihitaji maji. Mwaka 1927 Bunge la jimbo likapitisha sheria, na tarehe 28 Aprili 1938 miji hiyo ikafutwa kisheria. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu wa Enfield walikusanyika ukumbini kwao kucheza dansi ya kuagana. Ilipogonga saa sita usiku mji wao haukuwapo tena. Walihamishwa watu wapatao 2,500. Makaburi yaliyohamishwa yalizidi 7,000. Yaani waliohama wakiwa wamekufa ni wengi kuliko waliohama wakiwa hai.

Nilikaa pale nikala mihogo yangu ya kukaanga. Bibi yangu naye alihamishwa, miaka ya operesheni vijiji, akaacha minazi yake inazaa. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwangu. Nilichokuwa nakihesabu ni kura: miji minne ya wakulima ingekuwa na sauti gani mbele ya Boston yenye watu laki kwa laki? Kila kitu kilifanywa kwa sheria. Kilijadiliwa, kikapitishwa, kikatiwa saini. Mpaka leo watu wa magharibi ya jimbo, sisi wa Springfield, tukilalamika kwamba Boston hutukumbuka ikiwa na kiu tu, tunakuwa na mfano wa kuonyesha kwa kidole.

Worcester nilifika watoto wakiwa wamejaa barabarani na mavazi ya mashetani na mifupa, wanaomba peremende nyumba kwa nyumba. Shemeji alimkaribisha na jirani yake, Mkongo wa Bukavu, dereva wa Uber. Nikatoa kijitabu mezani. Yeye akaruka moja kwa moja hadi Swali la 3, linalotaka madereva kama yeye waruhusiwe kuunda chama chao cha wafanyakazi.

"Hii njo yangu," akasema. "Hii niko naitaka."

"Basi utapiga Ndiyo."

Akanyamaza kidogo. Uraia aliupata Agosti. Kujiandikisha hakujiandikisha, alidhani ukishaapa na kupewa cheti, jina linaingia lenyewe. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa tarehe 26, siku kumi kabla ya kura. Kilichomuuma zaidi ni shemeji aliyemwambia kwamba angekuwa anaishi New Hampshire au Maine, majirani kabisa, angejiandikisha siku ile ile ya kura. Hapa hoja hiyo Seneti ya jimbo iliikubali, Baraza la Wawakilishi likaikataa mwaka 2022.

"Nani alikataa? Majina yao?" akauliza Mkongo.

Hakuna aliyejua pale mezani.

Ijumaa, 1 Novemba. Boston

Gari nililiacha kwa shemeji, nikapanda treni ya asubuhi kutoka Worcester. Kutoka South Station nikatembea, nikakatisha bustani ya Common, na kuba la dhahabu likawa linanitazama tangu mbali. Jengo ni la 1798. Mlangoni ni kama uwanja wa ndege: mkanda, funguo, simu, pita. Baada ya hapo uko huru kabisa, hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala umevaa nini. Hili niliseme kwa haki, maana kwetu nimewahi kurudishwa getini kwa sababu ya kandambili.

Bunge lao lina jina la kuchekesha: rasmi linaitwa "Mahakama ya Jumla", jina lililobaki tangu enzi za koloni. Wawakilishi 160, maseneta 40, na Democrats wamezishika zaidi ya robo tatu za viti. Ndani ya ukumbi wa wawakilishi kumetundikwa samaki wa mbao mrefu kama mtoto wa shule, kumbukumbu ya biashara ya uvuvi iliyolitajirisha jimbo. Mtembezaji wetu alisimulia kwamba mwaka 1933 wanafunzi wa Harvard waliwahi kumwiba, kikao kikakosa raha. Mimi nilikuwa nacheka kwa sababu nyingine. Jina la samaki huyo kwa Kiingereza, cod, ukilitamka kwa ulimi wa Tanga, linatoka "kodi". Wanakaa pale wanapanga matumizi huku kodi inaning'inia juu ya vichwa vyao.

Viti vilikuwa vitupu. Vikao rasmi vya mwaka wa uchaguzi hufungwa 31 Julai. Mwaka huu saa ilifika wakiwa hawajaelewana juu ya miswada kadhaa mikubwa, wakaenda zao kwa wapiga kura wao, na tangu hapo karibu vyote ni vikao vidogo vya watu wachache.

Nilipopata benchi nikasoma upya hoja za kijitabu, nikaongeza na ninayoyajua kutoka magazetini. Mkaguzi wa sasa ni Diana DiZoglio, na hapa Mkaguzi huchaguliwa na wananchi wenyewe, hateuliwi na mkuu wa dola. Kabla ya hapo alikuwa mwakilishi, kisha seneta, humu humu. Mwaka 2018 alisimama ukumbini akavunja mkataba wa kunyamaza aliowekewa alipokuwa msaidizi kijana wa mwakilishi mmoja, akasema hadharani kilichofichwa. Alipoingia ofisini mwaka 2023, miezi haikupita akatangaza kulikagua Bunge. Spika Ron Mariano na Rais wa Seneti Karen Spilka wakasema hana mamlaka hayo, mihimili imetenganishwa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andrea Campbell, akatoa maoni Novemba 2023 kwamba kwa sheria ilivyo, kweli hawezi bila ridhaa ya Bunge. Basi DiZoglio na wenzake wakaingia mitaani kutafuta sahihi, makumi ya maelfu, suala likafika kwenye karatasi ya kura.

Wapinzani wa Swali la 1 hawasemi upuuzi mtupu. Wanasema Mkaguzi naye ni mwanasiasa, ana visa vyake na wenzake wa zamani. Ukimpa rungu hilo, kesho atakuja mwingine wa kulitumia kulipiza. Katiba ya jimbo katika ibara ya 30 ya tamko la haki imetenganisha mihimili ili pawe na serikali ya sheria, si ya watu. Hoja nzito. Lakini katiba hiyo hiyo ya 1780, ibara ya 5, inasema wenye mamlaka wote, wa kutunga sheria, wa utendaji na wa mahakama, ni mawakala wa wananchi na wakati wote wanawajibika kwao. Niliisoma mara mbili. Yetu ya Tanzania, ibara ya 8, inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Tofauti yangu ilikuwa kwenye yale maneno mawili: *wakati wote*. Sio kila baada ya miaka miwili uchaguzi unapofika.

Na Bunge hili lina rekodi yake. Maspika watatu mfululizo walitiwa hatiani kwa makosa ya jinai ya shirikisho: Charles Flaherty mwaka 1996, Thomas Finneran 2007, Salvatore DiMasi 2011. Aidha Bunge limejitoa kwenye sheria ya kumbukumbu za umma, ile inayompa mwananchi haki ya kudai nyaraka za polisi au za halmashauri ya mji. Ukitaka kuona barua na matumizi ya ofisi za Bunge, huna sheria ya kukusaidia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Profesa Mussa Assad. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kukumbushwa: Desemba 2018 CAG wetu, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, akiwa New York alihojiwa kwa Kiswahili na redio ya Umoja wa Mataifa, akasema Bunge kutoyafanyia kazi yale anayoyaibua ni udhaifu. Neno moja. Januari akaitwa mbele ya kamati Dodoma, Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba akawekwa mwingine. Tulikuwa ofisini, redio ndogo imewashwa, mweka hazina wetu akasema kwa sauti ya chini, "Sasa sisi tutakaguliwa na nani?" Mpaka leo sijajua kama alikuwa anasikitika au anafurahi.

Ofisi ya DiZoglio iko ndani ya jengo hili hili la kuba. Nilipita mbele ya mlango. Mkaguzi na anayekaguliwa wanatumia ngazi moja, lifti moja, pengine na mashine moja ya kahawa.

Jumamosi, 2 Novemba. Lowell

Gari nilirudi kulichukua Worcester, nikaja nalo. Lowell ni mji wa viwanda vya nguo vya matofali mekundu na mifereji. Wakenya ni wengi. Unaweza kupata ugali na sukuma wiki bila kuomba radhi. Dada yangu Mkenya alinikaribisha kwa chai nzito na mandazi, na kijitabu chake kilikuwa mezani kimejaa mistari ya kalamu. Nilijiona mzembe.

"Kwanza nikuulize," akaanza, "nyinyi mnangoja mpaka uchaguzi ndiyo muongee na mbunge?"

Akanikumbusha Juni. Mswada wa Fedha 2024: vijana wa Kenya wakasambaza namba za simu za wabunge, wakawapigia na kuwatumia ujumbe usiku kucha mpaka simu zikazimwa. Tarehe 25 Juni wabunge wakaupitisha hata hivyo, watu wakaingia Bungeni, wengine wakauawa mitaani. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini. Mdogo wake alikuwa Nairobi siku ile, na mpaka sasa akilisimulia hilo sauti yake hubadilika, kwa hiyo nilinywa chai yangu nikamwacha anyamaze apendavyo.

Halafu akanigeukia. "Sasa wewe mtu wa ukaguzi. Mwakilishi wako Springfield anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Namjua CAG wa sasa, namjua wa kabla yake, nawajua maspika wa Dodoma tangu Pius Msekwa. Namjua seneta wa Washington, Elizabeth Warren. Mwakilishi wangu mwenyewe, mtu anayepiga kura kuhusu basi ninalopanda na kodi ninayolipa, sikumjua.

"Nyani haoni kundule," akasema, akaongeza sukari.

Akafungua simu akanionyesha namna ya kumtafuta kwa anwani ya nyumbani. Dakika moja. Nikampata: jina, picha, tabasamu, miaka kadhaa kitini. Tukaangalia mpinzani wake mwaka huu. Hakuna. Tukaangalia na wa kwake Lowell, tukaangalia na majirani. Tulijikuta tunacheza kama bao: huyu hana, huyu hana, huyu anaye mmoja asiye na chama. Wengi wao hawana.

Jumapili, 3 Novemba. Lowell

Usiku saa zilirudishwa nyuma. Nilifika kanisani mapema kwa saa nzima, nikapangiwa kazi ya kupanga viti. Mchungaji aliombea amani ya uchaguzi wa Marekani, akaombea Goma, akaombea vijana waliopotea Kenya. Swali la 1 halikuombewa.

Jumatatu, 4 Novemba. Lowell hadi Springfield

Nimerudi kwa barabara kuu, nikalipia, nikafika mchana. Njiani nilimpigia ofisini yule mwakilishi wangu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Nikamuuliza bosi wake ana msimamo gani kuhusu Swali la 1. Akasema ataniandikia ujumbe. Nikamuuliza kama bosi alikuwa upande upi ile kura ya 2022 ya kujiandikisha siku ya uchaguzi. Akasema hilo pia ataliandika. Nilimwandikia Mkongo wa Worcester kwamba natafuta jina la kwanza katika yale aliyoyaulizia. Akanijibu kwa dole gumba.

Jumanne, 5 Novemba. Springfield

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi. Nilifika na robo, shule ya msingi, watu kama kumi na watano mbele yangu, mama mmoja amebeba mtoto aliyelala. Unataja mtaa kwanza, halafu namba ya nyumba, halafu jina. Kidole hakichovywi wino. Nilijikuta nakitazama kidole changu kikavu kana kwamba kuna kitu kimesahaulika.

Karatasi ni kubwa, Kiingereza na Kispanyola, unaweka wino mweusi kwenye yai dogo mbele ya jina. Rais, seneta, mjumbe wa Congress, nikashuka. Nikafika kwa mwakilishi. Jina moja. Chini yake mstari mtupu wa kuandika jina la mtu mwingine ukitaka. Yai moja tu la kujaza: ndiyo. Au uache wazi.

Nikageuza upande wa pili. Swali la 1, Ndiyo. Nililijaza taratibu mpaka wino ukatokeza ukingoni, nikaogopa nimeliharibu. Swali la 3, Ndiyo, kwa niaba ya jirani wa shemeji. Kisha nikarudi upande wa kwanza kwa yule mwenye jina moja. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kwa Rais. Nikaacha wazi. Mashine ikaimeza karatasi, namba ikapanda kwa moja, mzee msimamizi akanipa kibandiko cha kifuani.

Jumatano, 6 Novemba. Springfield

Dunia nzima inazungumza Trump. Mimi natafuta habari ndogo chini ya ukurasa. Swali la 1 limepita kwa takriban asilimia 72. Swali la 3 nalo limepita, kwa kishindo kidogo zaidi. Mkongo amenitumia ujumbe wa sauti, anacheka na kuimba juu ya injini ya gari.

Na mwakilishi wangu amerudi, kama walivyorudi wengi wa wale tuliocheza nao bao Lowell. Mkono ule ule, siku ile ile, karatasi ile ile: upande mmoja tumewaambia wakaguliwe, upande wa pili tumewarudisha viti vyao bila kuwauliza kitu. Nani angeogopa amri ya namna hiyo?

(Nanakili shajara hii Februari 2025. Sheria imeanza kufanya kazi tangu Januari. Mkaguzi ameomba nyaraka. Bunge limesema katiba haimruhusu. Ule ujumbe wa ofisi ya mwakilishi wangu nao bado uko njiani.)

Jumatano, 27 Novemba. Springfield, kwa simu

Shangazi amepiga kutoka Muheza. Leo kwao ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, alijiandikisha Oktoba kwenye daftari la wakazi, karibu siku zile zile kijitabu changu kikilala juu ya friji. Alipofika kituoni akakuta mgombea wa kitongoji ni mmoja. Yule mwingine, anasema, fomu yake ilirudishwa kwa kosa la kujaza.

"Sasa ukafanyaje, shangazi?"

"Kulikuwa na Ndiyo na Hapana. Nikaweka Hapana yangu, nikaenda zangu shamba."

Akakohoa, nikamsikia akimfukuza kuku.

"Na yule wako wa huko, mliyesema yuko peke yake? Hapana yako uliiweka wapi?"

Nikamwambia kwetu hicho kisanduku hawajakichapa.

"He," akasema shangazi. "Na Marekani yote hiyo?"